Shuka Injini Ingali Hai: Mwongozo wa Kutua kwa Tahadhari kwa Ndege Ndogo

Kutua kwa tahadhari ni kuamua kushuka mahali ambapo hukupanga kushuka, pengine shambani, ufukweni au kwenye kiwanja kilichoota nyasi, huku ndege ikiwa bado inaruka na injini ikiwa bado inavuta. Kutua kwa dharura ni pale injini imeshazimika na huna budi kushuka popote utakapofika. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya tofauti hiyo. Rubani mwenye injini hai anaweza kuzunguka, kukagua, kubadili mawazo na kujaribu tena. Aliyengoja mpaka injini ikafa ana dakika chache na nafasi moja tu.

Hata hivyo ajali hutokea katika kutua kwa tahadhari pia, na nyingi zina sababu zinazojirudia: rubani ameamua akiwa amechelewa, ameshuka huku upepo ukimsukuma kutoka nyuma, hakuuona waya, gurudumu la mbele limeingia shimoni, au ametua vizuri kisha akaharibu kila kitu kwa kujaribu kuruka tena kutoka palepale. Yote haya yana dawa, na dawa yake hujifunzwa kabla ya siku yenyewe.

Nawaandikia wanafunzi wa urubani na marubani wenye leseni binafsi, lakini pia abiria wanaopanda Cessna kwenda Mara, Serengeti, Mafia au Lamu, kwa sababu zipo hatua ambazo ni za abiria kuzitekeleza. Kitabu cha ndege yako na mwalimu wako ndio wenye neno la mwisho kuhusu ndege hiyo.

Nitarejea mara kadhaa kwenye kisa kimoja cha Uganda. Januari 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa wakitazama maporomoko ya Murchison kutoka ndani ya Cessna 180 iliyorushwa na rubani Roy Marsh. Ndege ikagonga waya wa simu uliokuwa umeachwa, ikashukia kichakani karibu na Nile. Wote watatu walipona. Siku iliyofuata walichukuliwa na boti hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert, wakapanda ndege nyingine, na hiyo nayo ikaanguka na kuwaka moto wakati wa kuruka. Ajali mbili kwa siku mbili, na ndani yake mna karibu kila somo linalohitajika hapa.

Hatua ya kwanza: amua mapema, na uamue ukiwa chini

Uamuzi wa kushuka ni mgumu ukiwa hewani, kwa hiyo uufanye kabla hujapanda. Andika kwenye karatasi unayoifunga pajani mipaka yako ya siku hiyo: mawingu yakishuka chini ya futi kadhaa juu ya ardhi, nageuka au natua, mafuta yakifika kiwango fulani, natua kiwanja cha karibu, saa fulani ikifika sijaona ninakokwenda, natafuta pa kushukia. Ukishaandika hivyo, hewani unabaki na kazi ya kutii tu.

Sababu zinazostahili kukushusha ni hizi.

Hali ya hewa. Wakati wa masika na vuli mawingu hukaa kwenye milima ya Ngong, Aberdare, Usambara na kingo za Bonde la Ufa huku mabondeni kukiwa kweupe. Rubani anaingia bondeni akiona njia mbele, halafu njia inaziba na nyuma nako kunaziba. Asiyefunzwa kuruka kwa vyombo peke yake akiingia ndani ya wingu hana muda mrefu. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954, wanafunzi 20 waliingizwa katika hali ya kutoona nje, na wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hizo hazifiki dakika tatu. Kutua kwenye shamba la mahindi unaloliona ni salama kuliko kuingia kwenye wingu usilojua lina nini ndani.

Mafuta. Kanuni za kimataifa zinataka anayeruka mchana kwa kuona nje abaki na akiba ya dakika 30 kwa kasi ya kawaida ya safari. Akiba hiyo si ya kutumia kufika. Ukiona unaanza kuihesabu kama sehemu ya safari, wakati wa kutua umeshawadia.

Giza. Kwetu karibu na ikweta jua halina machweo marefu. Likizama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, ndani ya nusu saa huoni tena shimo wala waya. Viwanja vingi vya porini havina taa. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu, ukiwa bado mbali na hujui vizuri ulipo, anza kutafuta pa kushukia ukiwa bado na mwanga wa kukagulia.

Injini inayolalamika. Shinikizo la oili likishuka huku joto lake likipanda, hilo ni onyo la kweli. Injini ikianza kukohoa katika hewa yenye unyevunyevu, kama ya Kericho au Njombe asubuhi, kwanza shuku barafu ndani ya kabureta. Watu hudhani barafu ni ya nchi za baridi, lakini hewa ikipita kwenye koo la kabureta hupoa sana, na barafu inaweza kuganda hata nje kukiwa na nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi. Vuta kishikio cha joto la kabureta chote, usivute nusu. Mzunguko wa injini utashuka, injini inaweza kutikisika zaidi barafu inapoyeyuka na maji kupita, na hapo wengi hushtuka wakarudisha. Usirudishe. Subiri. Injini ikitulia, umepata jibu. Isipotulia, tafuta pa kutua ingali inavuta.

Nyingine ni rubani au abiria kuugua ghafla, na kupotea njia.

Kinachowachelewesha marubani mara nyingi ni watu kuliko mashine. Wageni wana ndege ya kwenda Ulaya usiku, bosi ameshapiga simu mara mbili, harusi inaanza saa nane. Waambie abiria kabla ya kuondoka kwamba safari inaweza kuishia njiani. Ukishalisema chini, ni rahisi kulitimiza juu.

Hatua ya pili: tuliza ndege, kisha sema

Punguza kasi ufikie ile inayopendekezwa na kitabu kwa kukagua ardhi. Kwa Cessna 172 za aina nyingi ni kati ya noti 60 na 65, flapu, yaani vibamba vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimeshushwa nyuzi 20. Noti 60 ni kama kilomita 111 kwa saa. Ndege inayokwenda polepole inageuka kwenye duara dogo, nawe unapata muda wa kutazama. Lakini usipunguze zaidi ya hapo ukiwa unageuka huku unatazama chini. Ndivyo ndege zinavyoanguka: rubani ameshangaa shamba, kasi imekwisha, bawa haliwezi tena kuibeba ndege, naye yuko chini mno kuokoa.

Ndege ikishatulia, chukua redio. Kama bado uko kwenye masafa ya mwongoza ndege, tumia hayo hayo. Kama hakuna anayejibu, nenda 121.5, masafa ya dharura ya dunia nzima, ambayo ndege kubwa zinazopita juu pia huyasikiliza. Tamka "pan-pan" mara tatu, kwa sababu hili ni jambo la haraka ambalo bado halijafika kuhatarisha maisha. Likifika huko, tamka "mayday" mara tatu. Kisha eleza kwa utaratibu: jina la ndege, aina yake, tatizo, unakusudia kufanya nini, uko wapi na kwa urefu gani, na mko watu wangapi. Transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iweke 7700, namba ya dharura. Usione haya kusema. Dharura iliyotangazwa na isihitajike hugharimu maelezo machache. Dharura iliyofichwa humwacha mtu porini bila anayemtafuta.

Ukiwa chini ya milima huenda hakuna atakayekusikia. Panda kidogo kama mawingu yanaruhusu, sema, kisha rudi kwenye shamba lako.

Hatua ya tatu: chagua ardhi

Kiwanja chochote, hata kilichoachwa, ni bora kuliko shamba. Mbuga nyingi na misheni za zamani zina viwanja vya udongo, vingine havitumiki lakini bado vinaonekana kama mstari ulionyooka. Hakuna kiwanja, basi tazama yafuatayo.

Kwanza upepo. Moshi wa jikoni au wa kuchoma shamba ndio shahidi bora. Vumbi nyuma ya gari, nguo kwenye kamba, mawimbi madogo ziwani, vyote vinasema. Upepo si jambo dogo. Ndege inayogusa ardhi kwa noti 60 za kwenye kipimo, ikiukabili upepo wa noti 10, inakwenda juu ya ardhi kwa noti 50. Ikitua na upepo huohuo nyuma yake, inakwenda noti 70. Nguvu ya kuharibu hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo hizo noti 20 zinakaribia kuizidisha mara mbili.

Pili kimo cha nchi. Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kiko futi 5,536 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 27 hewa pale ni nyepesi kama ya futi 8,300 hivi. Kipimo chako kinasoma noti 60, lakini ndege kwa kweli inakwenda karibu 68. Kitabu cha Cessna 172S kinatoa mita 175 za kukimbia ardhini baada ya kugusa, na mita 407 kamili ukihesabu kuvuka kizuizi cha futi 50. Hizo ni za usawa wa bahari, lami kavu na rubani wa kiwanda. Kwenye nyanda za juu, kwenye nyasi, ongeza sana. Kiwanja cha mpira cha shule, ambacho kutoka juu kinavutia kwa usawa wake, kina mita 100 na kidogo tu, na kina magoli.

Tatu udongo wenyewe, na hapa kila sehemu ya nchi yetu ina tabia yake.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa nyanda za Athi na Kapiti, kiangazi hupasuka nyufa za kumeza gurudumu, na mvua ikinyesha unanata kama gundi na kuisimamisha ndege ghafla hadi ipinduke. Nyasi ndefu za dhahabu zinaficha vichuguu na mashimo ya muhanga na ngiri. Nyasi fupi zilizolishwa na ng'ombe ni rafiki yako, kwa sababu unaona kilichopo, na mahali ng'ombe wanapopita kila siku ardhi imeshindiliwa. Shamba lililolimwa tua kufuata matuta, usiyakate, hata ikibidi upepo uje wa ubavuni kidogo. Shamba la mkonge linaonekana laini kutoka futi 1,000, lakini kila mche ni kisiki chenye miiba. Mpunga uliojaa maji utaipindua ndege karibu kwa hakika.

Pwani ufukwe ni mzuri maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua ambapo bahari hurudi mbali. Mchanga ulio unyevu na mgumu karibu na maji unabeba ndege. Mchanga mkavu wa juu unameza magurudumu. Lakini tazama vizuri. Mashariki ya Unguja, maji yakitoka, huonekana safu za vigingi vya mashamba ya mwani, na vigingi hivyo havionekani kirahisi kutoka juu. Na kumbuka maji yatarudi: ndege iliyosimama mahali pazuri saa nne inaweza kuwa imezama saa kumi.

Barabara huwavutia wengi kwa kuwa ni ndefu na imenyooka. Mimi huiweka mwisho. Pembezoni mwake kuna nguzo za umeme, waya unakatiza pale usipotarajia, kuna matuta ya kupunguza mwendo, na bodaboda hatazami juu.

Hatua ya nne: pita juu ukague

Hii ndiyo faida ya injini hai, na ndiyo hatua inayorukwa na wenye haraka.

Pita mara ya kwanza juu, kama futi 1,000 kutoka ardhini. Tazama mazingira yote: njia ya kuingilia, njia ya kutokea ukishindwa, milima, nguzo, nyumba. Mara ya pili shuka hadi futi 500 na upite sambamba na mahali pa kutua, ukiwa upande wa kulia wake ili ulione kupitia dirisha la kushoto. Kama hakuna waya na una uhakika, pita mara ya tatu chini zaidi, bado ukiwa pembeni, ukitafuta mashimo, mawe, mitaro na uzio.

Kwenye kupita huku pima urefu kwa saa. Kwa mwendo wa noti 60 juu ya ardhi, ndege inakwenda karibu mita 30 kila sekunde. Anza kuhesabu ukiwa usawa wa mwanzo wa shamba na uishie usawa wa mwisho. Sekunde kumi ni mita 300. Sekunde ishirini ni mita 600. Hesabu kwa sauti, au mwache abiria wa mbele ahesabu kwa saa yake. Macho peke yake hudanganya, hasa kwenye nchi tambarare isiyo na mti wa kulinganishia.

Waya usiutafute, tafuta nguzo. Waya mwembamba hauonekani mpaka umeufikia, lakini nguzo huonekana, na nguzo mbili zikiwa pande mbili za shamba au bonde maana yake katikati kuna waya. Kwenye mito na makorongo waya huvuka kutoka ukingo hadi ukingo, bila nguzo katikati. Ndivyo ilivyokuwa Murchison: laini ya zamani ambayo hakuna aliyeikumbuka. Ukilazimika kuvuka laini, vuka juu ya nguzo yenyewe, kwa sababu hapo ndipo unajua kwa hakika laini imeishia wapi kwenda juu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi. Kwetu, ndege ikipita chini mara mbili, watoto wanatoka. Wanakimbia kutoka shuleni na majumbani kuelekea hasa pale unapotaka kutua, wakipunga mikono kwa furaha. Kabla ya kuingia mwendo wa mwisho wa kutua, tazama tena nani yuko shambani. Ukiona umati unakusanyika, hamia shamba jingine mbali na shule. Kwa wanyama kupita chini kunasaidia, pundamilia na nyumbu hukimbia, ila nao hurudi, kwa hiyo usikawie.

Hatua ya tano: andaa watu na milango

Zungumza na abiria kwa sauti ya kawaida. Sema: tunatua shambani, injini inafanya kazi, nimeliona shamba, nifuateni. Viti visukumwe mpaka vishike sawasawa kwenye reli zake. Mikanda ikazwe chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga, na ule wa begani uvaliwe. Miwani, kalamu na kamera viondolewe. Mizigo mizito isiwe mapajani wala nyuma ya kichwa cha mtu. Koti au mto uwekwe mbele ya uso. Mtoto mdogo awe na mkanda wake. Mtu mzima hawezi kumshika mtoto kwa mikono wakati wa kishindo.

Mlango ufunguliwe kitasa kabla ya kugusa ardhi, na uzuiwe usijifunge, kwa kiatu au kwa kitabu. Kiunzi kikipinda mlango uliofungwa hukwama. Pale Butiaba ndege ya pili ilipowaka moto, mlango ulikuwa umekwama. Wengine walipita dirishani, na Hemingway akaubomoa mlango kwa kichwa na bega akatoka na jeraha baya la kichwa.

Kwa wanaopanda Cessna 206 kuna jambo la kujua kabla ya injini kuwashwa. Mlango mkubwa wa nyuma upande wa kulia una vipande viwili. Flapu zikiwa zimeshushwa, kipande cha mbele kinagonga flapu na hakifunguki chote, na abiria wa nyuma hufikiri wamefungiwa. Njia ya kutoka ipo: kitasa cha kipande cha mbele zungusha mbele kabisa kisha nyuma kabisa, sukuma mlango huo kadiri utakavyokwenda, halafu geuza mbele kishikio chekundu kilicho kwenye kipande cha nyuma, na ukisukume kwa nguvu kifunguke. Rubani, wafanyishe mazoezi abiria wa nyuma kwa mikono yao mkiwa bado uwanjani. Kueleza kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu gizani au mkiwa mmepinduka vidole ndivyo vinavyokumbuka. Ndege za aina ya Piper Cherokee nyingi zina mlango mmoja tu, upande wa kulia juu ya bawa, kwa hiyo mpangilio wa nani atoke kwanza ujulikane.

Hatua ya sita: tua polepole kadiri inavyowezekana

Ingia kama unavyoingia kwenye kiwanja kifupi chenye udongo laini. Flapu zote, kasi ya kitabu, na nguvu kidogo ya injini kurekebisha. Kwenye Cessna nyingi flapu hutumia umeme, kwa hiyo usizime swichi kuu kabla flapu hazijashuka. Zikishashuka na ukiwa na hakika ya kufika, zima.

Kabla ya hapo jiulize mara moja ya mwisho: kasi ni sahihi, niko kwenye mstari, shamba ni tupu? Jibu likiwa hapana, ongeza nguvu ya injini, panda juu, urudie. Injini unayo. Rubani aliyeingia juu mno au kwa kasi mno na akalazimisha, huishia kwenye miti ya mwisho wa shamba akiwa na kasi ya barabara kuu. Lakini magurudumu yakishagusa na ukaanza kupunguza mwendo, usigeuze nia tena.

Gusa kwa magurudumu makuu, pua ikiwa juu, usukani ukiwa umevutwa nyuma, na uendelee kuuvuta. Gurudumu la mbele likae hewani kadiri linavyoweza, maana ndilo linaloingia shimoni na kuipindua ndege. Zima injini, funga mafuta.

Ukiona shamba linakwisha, okoa chumba mlichokaa na uache vingine viharibike. Elekeza pua katikati ya miti miwili ili mabawa yapokee kishindo. Ndege ndogo hujengwa ili mtu aliyejifunga mkanda astahimili msukumo wa mbele wa mara tisa ya uzito wake. Kwa kilomita 80 kwa saa, mita 3 hivi za kusimama kwa mfululizo zinatosha kutozidi kiwango hicho. Kwa kilomita 160 zinahitajika zaidi ya mita 11. Kwa hiyo kichaka, uzio, hata mahindi mabichi yanaweza kuokoa maisha iwapo umefika ukiwa polepole, ilhali jiwe au ukingo wa mtaro hausamehe. Bima italipa bawa.

Hatua ya saba: tokeni

Ndege ikisimama, toka. Kama imepinduka, mnaning'inia kichwa chini: weka kwanza mkono kwenye dari, jihimili, ndipo ufungue mkanda. Wako waliotoka salama kwenye ajali wakaumia shingo kwa kufungua mkanda bila kujihimili.

Kusanyikeni upande upepo unakotoka, mbali na ndege, mhesabiane. Usirudie begi, simu wala kompyuta. Mafuta yanayovuja hayatoi onyo.

Majeruhi: anayetoka damu nyingi kwanza, bonyeza jeraha kwa kitambaa. Anayelalamika shingo au mgongo asivutwevutwe isipokuwa kuna moto.

Kwa wanakijiji watakaofika kwanza

Karibu kila mara wenyeji ndio wanaofika kabla ya zimamoto. Novemba 2022 ndege kubwa ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, ikiwa na watu 43, wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Kwa hiyo hekima ya wenyeji inahesabika.

Msikaribie panga la mbele hata kama limesimama. Linaweza kuzunguka tena. Zimeni sigara, na pikipiki ziachwe mbali. Vunjeni dirisha au vuteni mlango, toeni watu. Pigeni 112. Tanzania zimamoto ni 114, na Kenya hata 999 inafanya kazi. Na mtu yeyote asikinge mafuta. Mafuta ya ndege hizi ni petroli. Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakaja na madumu, na moto ukachukua roho zipatazo mia moja.

Hatua ya nane: jionyesheni, na msiondoke

Washa kwa mkono kifaa cha kutoa ishara ya dharura. Satelaiti zinasikiliza 406 MHz. Ishara za 121.5 satelaiti ziliacha kuzisikiliza tangu Februari 2009, kwa hiyo kwa satelaiti ndege yenye kifaa cha zamani tu ni kama haina. Kifaa hicho kisajiliwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ili wajue wampigie nani. Antena yake iko juu ya paa na huvunjika ndege ikipinduka, ndiyo maana napendekeza rubani awe na kingine kidogo mwilini, mfukoni kabisa, kisiwe ndani ya begi.

Kaeni karibu na ndege, kivulini mwa bawa kama hakuna harufu ya mafuta. Ndege ni rahisi kuonekana kuliko mtu, lakini haitoshi kuwa na ndege tu. Ndege ya abiria ilipita juu ya mabaki ya Murchison ikatoa taarifa kwamba hakuna dalili ya uhai, na magazeti duniani yakatangaza kifo cha watu waliokuwa wazima. Weka alama chini kwa nguo, mawe au matawi, kila mstari usipungue mita 2.5: V maana yake tunahitaji msaada, X tunahitaji daktari. Kioo kidogo kikielekezwa kwenye ndege kinaonekana kilomita nyingi. Mbugani usiku kaeni pamoja, washeni moto mbali na ndege, na asiende mtu peke yake kutafuta maji.

Baada ya hapo

Hatari ya mwisho huja pale kila kitu kimekwenda vizuri. Ndege nzima, mawingu yamefunguka, injini inanguruma vizuri sasa, na rubani anatazama shamba akisema linatosha. Kutua kunahitaji ardhi fupi kuliko kuruka, hasa nchi ya juu yenye joto na nyasi. Shamba lililokupokea huenda lisikurudishe. Na injini iliyokohoa hewani haijapona kwa sababu imepoa. Ajali ya Butiaba ilitokea hapo, kwenye kuruka kutoka ardhi mbovu.

Kwa hiyo ndege ibaki mpaka fundi mwenye leseni aikague na mtu mwenye uzoefu wa ardhi hiyo apime urefu kwa miguu. Mara nyingi jibu litakuwa kuondoa mabawa na kuipakia kwenye lori, na hiyo ni kazi ya siku mbili tatu tu.

Kama mtu ameumia vibaya au ndege imeharibika sana, hiyo ni ajali kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, na lazima itolewe taarifa mara moja kwa idara ya uchunguzi wa ajali za ndege ya nchi mliyoangukia. Msisogeze mabaki isipokuwa kuokoa mtu au kuzima moto. Mwombeni mwenyekiti wa kijiji na polisi waweke ulinzi. Piga picha za alama za magurudumu kabla mvua au ng'ombe hawajazifuta, andika upepo ulikuwa upande gani, mafuta yalibaki kiasi gani na ulisema nini redioni, siku hiyohiyo. Uchunguzi huo haukusudii kumtafuta wa kulaumiwa. Unataka kujua kilichotokea ili kisijirudie, kwa hiyo mwambie mchunguzi kila kitu, pamoja na dakika ile uliyokuwa ukisitasita kushuka.